Nilikodi sedani ya dizeli, sasa mwenyewe anasema nimeunguza injini

"Shikamoo fundi. Naishi Tabata. Nilikodi sedani ya dizeli ya Kijapani, otomatiki, ya mwaka 2014, kwa siku nne kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu Morogoro. Nimezoea IST yangu ya petroli. Hili la dizeli asubuhi lilikuwa linagonga kama daladala bovu. Nikikanyaga mafuta linatulia kwanza, halafu linaruka kama limesukumwa. Siku mbili za mwanzo nilizunguka nalo mjini kwenye maandalizi: Kariakoo, Posta, Kigamboni. Siku ya pili jioni ikawaka taa ya njano yenye umbo la kiboksi chenye vidoti. Siku ya tatu nikaenda Morogoro, taa ikazimika yenyewe kabla ya Chalinze. Siku ya nne wakati wa kurudi nilikaa foleni kuanzia Mbezi hadi Kimara karibu saa nzima, nikalifikisha kwa mwenyewe usiku. Nilipozima, feni iliendelea kuunguruma kwa nguvu na likatoa harufu ya kitu kinachoungua. Amezuia laki tatu zangu za dhamana, anasema nimeunguza injini. Mume wangu anasema nimeua turbo. Ramani ya gari nayo ilinitesa: nilitaka kwenda Kigamboni kupitia darajani ikanipeleka kwenye pantoni, Ubungo ikaniambia nikate kulia kwenye taa ambazo hazipo, na kwenye Daraja la Tanzanite mshale ukaonyesha niko baharini. Je, nimeliharibu? Na kwa kuwa gari hilohilo linauzwa, linafaa kununua?"

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa sendofu. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi: kwa maelezo uliyonipa, hujaunguza injini na hujaua turbo. Ninachokiona ni gari la dizeli lililokuwa likijisafisha, likazimwa kabla halijamaliza. Nimeshika injini za dizeli kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza za malori, kisha hizi za magari madogo yalipoanza kuingia bandarini kwetu kutoka Japani. Nitakueleza kila kitu kwa utaratibu, na pale ambapo maneno hayatoshi na ni lazima gari lichomekwe mashine, nitakwambia.

Tuanze na mlio wa asubuhi. Injini ya petroli kama ya IST yako inawashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa, inaibana mpaka inabaki sehemu moja ya 14 hadi 18 ya ujazo wake wa mwanzo, na kwa kubanwa huko hewa inapata joto la kutosha kuwasha dizeli pale nozeli inapoinyunyiza. Injini ikiwa imelala usiku kucha, kuta zake zimepoa, kwa hiyo dizeli inakawia kidogo kushika moto. Katika kukawia huko inajikusanya, kisha inawaka yote kwa mkupuo. Huo mkupuo ndio kule kugonga ulikokusikia. Ukiendesha kilomita mbili tatu injini ikapata moto, mlio unashuka mpaka ukifunga vioo huusikii. Kugonga kwa kuogopa ni kule kusikoondoka injini ikishapata moto, hasa kukifuatana na moshi au mtetemo wa kukosa silinda moja.

Hapo nikuondolee kosa moja ambalo karibu kila dereva wa dizeli hapa mjini amefundishwa: kuliwasha gari alfajiri na kuliacha likinguruma robo saa ndipo uondoke. Kwa malori ya zamani sawa. Kwa gari hili ni kulitesa, kwa sababu injini iliyosimama inapata moto polepole mno na wakati huohuo inazalisha masizi. Liwashe, funga mkanda, panga vioo vyako, ondoka taratibu. Nusu dakika inatosha, na jiji letu halina baridi ya kusubiri zaidi ya hapo.

Kule kutulia kisha kuruka ni tabia ya turbo. Ile ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini ili isukume hewa nyingi zaidi ndani. Ukiwa umesimama moshi ni kidogo, feni inazunguka polepole. Unapokanyaga ghafla, lazima kwanza moshi uongezeke, feni ishike kasi, ndipo hewa ije, na gia ya otomatiki nayo inakuwa bado inaamua ishuke au isubiri. Unahisi kama gari limekunyima, halafu linakupa vyote kwa pamoja. Nguvu ya dizeli iko chini, kwenye resi kama elfu mbili hivi. Kulikanyaga mpaka resi elfu tano kama unavyoifanyia IST hakukuongezei kitu isipokuwa kelele.

Usilichukulie jambo hili kirahisi unapoingia barabara kubwa. Unatoka Tabata unataka kuingia Mandela, umeona upenyo kati ya daladala na semi, ukakanyaga kama ulivyozoea: ile nusu sekunde ya kimya inaweza kukuweka pabaya. Kwenye dizeli unakanyaga mapema na kwa ulaini, gari likianza kuvuta ndipo unaongeza. Hata kulipita lori kule Mlandizi ni hivyohivyo. Jipange nyuma kidogo ukiwa na nafasi, anza kukanyaga kabla hujatoka, ukitoka liwe tayari limeshika. Aliyelizoea hapendi kurudi kwenye petroli kwa safari ndefu, kwa sababu kwenye kilomita mia kwa saa injini inatembea kwa utulivu, wewe na abiria mnaongea kwa sauti ya kawaida, na mshale wa mafuta haushuki haraka. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yenyewe inaitumia vizuri zaidi.

Mume wako mwambie hivi: turbo inayokufa inapiga mluzi mkali kama king'ora unaopanda kila ukikanyaga, inatoa moshi wa bluu, inakula oili, na gari linakuwa zito mpaka mlima wa kawaida unalishinda. Hujataja hata kimoja.

Sasa ile taa ya kiboksi chenye vidoti, maana ndiyo kesi yenyewe. Chini ya gari, kwenye njia ya ekzosi, kuna kichujio cha masizi. Ukikikata utaona kimeumbwa kama sega la nyuki, vijitundu maelfu, ila kila kijitundu kimezibwa upande mmoja. Kilichozibwa mbele jirani yake kimezibwa nyuma. Kwa hiyo moshi hauwezi kupita moja kwa moja. Unalazimika kupenya kwenye kuta, na masizi yanabaki ndani. Ndiyo maana dizeli za siku hizi hazitoi moshi mweusi kama za zamani. Lakini chombo kinachokusanya taka lazima kimwagwe. Hiki kinamwagwa kwa moto: masizi yanachomwa humohumo ndani, kwenye joto la karibu nyuzi 600.

Joto hilo foleni haitoi. Gari linalotambaa kutoka Buguruni kwenda Kariakoo, moshi wake haufiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo kompyuta ya gari, ikiona kichujio kinakaribia kujaa, inanyunyiza dizeli kidogo ya ziada baada ya mwako mkuu. Mafuta hayo yanakwenda kuungua kwenye ekzosi, joto linapanda, masizi yanageuka hewa. Kazi yote inataka robo saa mpaka dakika ishirini za mwendo usiokatika. Ukizima gari katikati, kazi inaishia hapo, na safari nyingine inaanza upya. Ikikatizwa mara nyingi, kichujio kinaendelea kujaa, ndipo ile taa ya njano inawaka. Haisemi kwamba gari limekufa. Inasema: nimejaa, nipeleke barabara ndefu.

Wewe bila kujua ulilipeleka. Siku ya tatu ulipovuka Kibaha, barabara ikafunguka, ukashika mwendo mmoja, gari likapata nafasi ya kuchoma masizi ya siku nyingi. Taa ikazimika kabla ya Chalinze. Ni tiba ileile ambayo ningekuagiza kama ungenipigia simu jioni ya siku ya pili, na ningekukataza kulizima njiani kununua vitu kabla taa haijazimika.

Siku ya nne umerudi, kilomita takribani 190 kutoka Morogoro, ukijumlisha za kwenda na mizunguko ya huko, gari limeshatembea kilomita zaidi ya mia mbili tangu lijisafishe. Kompyuta ikaona wakati umefika tena, ikaanza kuchoma. Bahati mbaya wakati huo ulikuwa umeshaingia kwenye foleni ya Mbezi. Hakuna upepo unaopita chini ya gari, na ekzosi ina joto la tanuru. Feni ya rejeta inawaka kwa nguvu zote. Ukafika kwa mwenyewe, ukazima. Feni ikaendelea kuzunguka kwa sababu ndivyo ilivyopangiwa, iondoe joto lililobaki. Na ile harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa, ndiyo harufu ya kichujio cha moto. Kila fundi wa dizeli anaijua. Asiyeijua anadhani gari linateketea, na simlaumu mtu kwa kushtuka.

Injini iliyoungua kweli ina dalili nyingine kabisa. Mshale au taa ya joto inapanda, mvuke unatoka mbele, maji ya rejeta yanapungua, gari linapoteza nguvu na kesho yake haliwaki au linawaka kwa shida. Kama kuna taa nyekundu yoyote iliyowaka ukaendelea kuendesha na kwenye swali hukuiandika, basi jibu langu linabadilika, na uniambie ukweli. Taa ya njano inakupa muda. Taa nyekundu, hasa ya oili au ya joto, unasimama pembeni na kuzima injini palepale, hata kama uko katikati ya pori.

Kuna jambo moja ninalolitilia shaka, na si kosa lako. Kichujio kizima huwa kinakaa kilomita mia kadhaa kabla ya kujichoma tena, na safari ndefu huwa inakiongezea muda. Hiki kimerudia mapema kuliko ninavyopenda. Huenda ni kwa sababu kinazeeka. Masizi yanaungua, lakini majivu hayaungui. Majivu yanatokana na oili ya injini, kidogokidogo kwa miaka, na yakishajaa ndani nafasi ya masizi inakuwa ndogo. Ndiyo maana dizeli za namna hii zinataka oili maalumu yenye majivu kidogo. Kwa nyingi za Kijapani utaona kwenye kopo pameandikwa DL-1. Akipita mtu miaka mitatu anatia oili yoyote ya lori kwa sababu ni ya bei nafuu, kichujio ndicho kinacholipa.

Kwa hiyo swali la nani mwenye kosa nalijibu hivi. Ni kama umepangishwa nyumba yenye karo lililojaa: wewe umekaa siku nne, likafurika mkononi mwako. Masizi yale waliyaacha wapangaji wa kabla yako, waliokuwa wakilizungusha mjini wiki baada ya wiki. Aliyekukabidhi gari alipaswa kukwambia ile taa ikiwaka ufanye nini. Upande wako, nasema hili kwa upendo, taa yoyote ikiwaka kwenye gari la kukodi mpigie mwenyewe saa hiyohiyo, piga na picha ya dashibodi ikionyesha kilomita. Ungekuwa na ujumbe huo leo, mazungumzo ya laki tatu yasingekuwepo.

Kuna kitu unaweza kukiangalia kwa macho yako kabla hata ya mashine: oili. Nimesema kompyuta inanyunyiza dizeli ya ziada ili kuchoma masizi. Sehemu ndogo ya dizeli hiyo inateleza kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye oili. Gari linalokatizwa mara kwa mara, oili yake badala ya kupungua inapanda. Asubuhi, gari likiwa tambarare na injini imelala, chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Kwenye baadhi ya dizeli za Kijapani utaona juu ya alama ya kujaa kuna alama nyingine ya X. Oili ikifika kwenye X, inamwagwa siku hiyohiyo, haijalishi ilibadilishwa lini. Kisha dondosha tone kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue. Oili nzima ina utelezi mzito unaong'ang'ania. Iliyochanganyika na dizeli inateleza kama maji, na ukiinusa unapata harufu ya sheli.

Utasikia pia, na mwenye gari ataambiwa na mtu, kwamba dawa ya yote haya ni kukitoboa kichujio au kuking'oa na kuidanganya kompyuta. Nami niliwahi kuifanya kazi hiyo, miaka ya mwanzo, kwa wateja wawili walionisihi. Mmoja alirudi baada ya miezi michache: gari linatoa moshi mweusi kila akikanyaga, na kompyuta imelifunga lisizidi resi elfu tatu. Nilitumia siku tatu kurudisha nilichokiharibu kwa dakika arobaini. Na kuna la uzito zaidi ya gari. Moshi wa dizeli umewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 2012, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta wa kwanza ni muuza karanga anayepita kati ya magari pale kwenye mataa. Siifanyi tena kazi hiyo, na fundi atakayekushauri hivyo mkimbie.

Nije kwenye ramani. Ndani ya kile kioo mna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kimoja ni kipokezi kinachosikiliza setilaiti zilizo juu yetu kilomita zipatazo 20,200. Kikisikia nne au zaidi kwa pamoja, kinakokotoa mahali ulipo na kwa kawaida kinakosea mita chache tu. Kitu cha pili ni ramani yenyewe, na hiyo haitoki angani hata kidogo. Imeandikwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na imebaki vilevile tangu siku ilipoandikwa. Kipokezi chako kilikuwa sahihi siku zote nne. Kadi ndiyo imezeeka.

Tena umri wake naweza kukutajia bila kuliona gari, kwa kufuata makosa uliyoniandikia. Daraja la Tanzanite limefunguliwa mwaka 2022, haikulijua. Barabara za juu za Ubungo, Daraja la Kijazi, ni za 2021. Yenyewe bado inakumbuka zile taa tulizokuwa tunazikalia saa nzima. Daraja la Kigamboni limefunguliwa 2016, nalo halimo. Kwa ramani hiyo, mtu wa mjini anayetaka kwenda Kigamboni ana pantoni ya Magogoni au azunguke Kongowe, basi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli siku ilipoandikwa. Umeendesha na picha ya Dar es Salaam ya kabla ya 2016. Kama ungepita nayo Magomeni ingekwambia ukate kulia mahali ambapo sasa pamesimama kituo cha mwendokasi.

Ule mshale wa baharini una maelezo mazuri. Kwa kawaida programu haionyeshi pale ulipo hasa. Inauvuta mshale ukae juu ya barabara iliyo karibu nawe, ikiamini gari halitembei vichakani. Ndiyo maana Posta au Kariakoo, ambako mawimbi ya setilaiti yanagonga maghorofa na kurudi yamechelewa, mshale unarukia mtaa wa jirani kisha unarudi. Lakini Daraja la Tanzanite limepita juu ya maji, mbali na lile la zamani la Selander. Programu ikatafuta barabara ya kuushikizia mshale ikakosa. Ikabaki na jibu la kipokezi peke yake: uko hapa, na kwenye kadi yangu hapa ni bahari. Ubungo shida ni nyingine tena, na hata ramani mpya ya simu inaweza kuipata: barabara zimepandana ngazi tatu, na kipokezi kinajua vizuri uko wapi kwa upana lakini hakijui vizuri uko juu kiasi gani. Hapo soma vibao, usisome kioo.

Kwa safari nyingine tumia simu. Pakua ramani ya Dar mpaka Dodoma ukiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, ili bando likikatika katikati ya mapori njia ibaki. Weka unakokwenda kabla hujatoa breki ya mkono. Simu ikae kwenye kishikio mbele ya tundu la kiyoyozi, usiilaze juu ya dashibodi, kwa jua letu itazima kwa joto kabla hujafika Kibaha. Na kwenye mipangilio ondoa chaguo la njia fupi zaidi. Kwa ramani, kichochoro cha Tabata chenye mashimo na barabara ya lami ni mistari miwili tu, na sedani imekaa chini. Wakati wa masika hakuna ramani ya kuiamini Jangwani. Ukiona maji yamevuka barabara, geuza. Dizeli ikivuta maji kwenye njia ya hewa, hapo ndipo utakuwa umeua injini kweli.

Usiiachie ramani kazi ya kukwambia mwendo pia. Inayoonyesha themanini mahali kijiji kimeshawekewa kibao cha hamsini haitakusaidia mbele ya trafiki mwenye tochi. Faini ni elfu thelathini na ni yako. Ukiona kioo kinasoma 47 wakati dashibodi inasoma 50, usishangae. Spidomita zinatengenezwa zikisoma juu kidogo kwa makusudi. Fuata ya dashibodi.

Kuhusu kulinunua. Safari zako za kila siku, kwa ulivyoniandikia, ni Tabata na mjini. Kwa maisha hayo sikushauri dizeli yenye kichujio, hata ikiwa nzima na bei imeshuka. Utakuwa unalitoa kila wiki mbili kwenda Chalinze na kurudi kwa ajili ya kulichomesha masizi, na faida yote ya mafuta inaishia hapo. Baki na IST. Kama kazi ingekuwa inakupeleka Morogoro au Dodoma kila wiki, ningesema gari hili ndilo lako, halina mpinzani kwenye barabara ile, mradi lipimwe kwanza. Akikupunguzia bei ukashawishika, fanya angalau hili: gari likiwa limepoa, ingiza kidole ndani ya mdomo wa ekzosi, uzungushe. Kikitoka na vumbi tu, kichujio kimo na kinafanya kazi. Kikitoka cheusi tii, kuna mtu alishakitoboa kichujio, na mazungumzo ya bei yaanze upya au yafe.

Kwa sasa shughulika na laki tatu. Mwombe mwenye gari kwa adabu mwende wote wawili kwa fundi mwenye mashine ya kupima dizeli, si ile ya kusoma taa peke yake. Mashine inayofaa itasoma mambo matatu: kichujio kimejaa kwa kiasi gani, gari limetembea kilomita ngapi tangu lijisafishe mara ya mwisho, na makosa yaliyohifadhiwa pamoja na kilomita yalipotokea. Hayo ya mwisho yatakusaidia sana. Kama kosa la kichujio limeanza kabla ya siku uliyolichukua, namba itasema, na namba haina upande. Kabla ya kuondoka nyumbani kwake, pimeni oili pamoja. Ikiwa imefika kwenye X, inabadilishwa na kwa maoni yangu ni gharama ya mwenye gari, kwa kuwa ni huduma yake ya kawaida. Ukitaka amani mchangie nusu ya oili, lakini iandikwe hivyo, isiandikwe kuwa umeunguza injini.

Akikataa gari lisipimwe mbele yako, usibishane naye getini. Chukua mkataba, mwandikie kwa ujumbe kwamba unaomba kipimo na risiti ya fundi, umpe siku saba, kisha upeleke shauri serikali ya mtaa anakoishi. Na ukishachomoa kile kijiti, kipige picha karibu, alama zionekane, unitumie nikisome.